Mauti Anataka Mfuko

Shekuwe amekuja na karatasi ya mwalimu Kahindi:
joho jeusi, refu, lenye kofia ya kushuka usoni.
"Mimi ndiye Mauti," aniambia, huku ajikuna goti.
Ana miaka kumi na mmoja. Mchezo ni Jumamosi.

Nikampandisha kigodani, nikavuta futi.
Bega hadi kisigino, inchi arobaini na nne.
Kichwa, ishirini na moja. Mauti ana kichwa kidogo
na huchekacheka ukimgusa shingoni.

Tukatoka kutafuta kitambaa Langoni.

Kwa Kasimali satini iliteremka mezani kama mafuta.
Mtoto akameza mate. Nikasema hapana,
hii hujionyesha; taa za jukwaani zikiipiga
watu watauliza bwana harusi yuko wapi.
Mahameli je? Nikailaza shavuni, nikaipenda,
lakini Lamu hii, kaskazi imekwisha, joto hili,
Mauti atazirai kabla hajamfikia mgonjwa.
Poliesta haipumui, yang'ang'ania mapaja,
na ukiivua kichwani yalia cheche.
Melimeli ni uchi wenye adabu:
kaptura ya shule ingeonekana yote.

Chini kabisa, nyuma ya majora ya sare,
kaniki.
Nzito, weusi wake bado wabaki kidoleni.
Nikaifinya, nikaiachia,
ikaanguka wima kama mtu aliyekubali jambo.
Hii, nikasema. Yadi tano.
Kasimali akanipunguzia bila kuombwa,
siku hizi haimtoki.

Kofia ndiyo kazi. Asiyejua hukata gunia.
Vipande viwili, vya mshazari, vipate kufuata kichwa kikiinama,
na ukingoni bukramu, ukanda mwembamba,
isije ikamfunika macho akakanyaga pindo
akaanguka mbele ya wazazi wote.

Nimeshona kanzu za akdi, taraza shingoni kwa mkono.
Nimeshona mapazia ya wageni wa Shela,
nguo za idi za watoto wasiotulia kupimwa.
Nguo moja tu nimeikata nisiishone:
bafta ya Bunu, mume wangu, mwaka wa sita huu.
Kata tu, waliniambia, hii haishonwi.
Mkono wangu ukatafuta pindo la kukunja
usilipate,
ukabaki hewani na mkasi.

Na sasa yule aliyemchukua
analetwa kwangu apimwe.

Umeme ulikatika kwenye bega la kushoto.
Sikuwasha taa. Cherehani yangu ni ya mguu,
na mshono mnyoofu naujua gizani.
Lakini mguu nao ulikaa juu ya kanyagio
muda mrefu, haukushuka.

Asubuhi akaja kujaribu.
Joho likamshukia vizuri, likafagia sakafu kidogo.
Akatia mkono ubavuni, akapapasa.
"Halina mfuko?"
"Mauti hana mfuko, mwanangu.
Anachokichukua hakitiwi mfukoni."
"Nataka kutia karatasi ya maneno yangu.
Nikisahau je?"

Nikachungulia ndani ya kofia:
macho mawili, jasho puani, jino linalolegea.
Ana mistari minne tu ya kusema
na wa tatu humponyoka kila siku.
Mauti akikosea maneno, nani atakufa?
Nikacheka peke yangu. Akadhani namcheka yeye.

Ndoo hapa, nikamwambia.
Nikafumua mshono wa ubavu kwa wembe.
Kaniki ilikuwa imekwisha, hata ya kiraka.
Chini ya kopo la vifungo kulikuwa na kipande cha bafta,
upana wa viganja viwili, nilichokiweka siku ile
bila kujua cha nini.
Nikakishona kwa ndani, kwa uzi mweusi, tundu fupi fupi,
nikakaza pembe mara mbili.

Akatia karatasi. Kisha akatia na visheti viwili.
"Mwambie mamako," nikasema,
"kaniki huchuja. Asilifue pamoja na sare."